Choo Kinachosubiri Mgeni Rasmi

Kazi ya kukusanya maoni haikuwa na mwenyewe, na kazi isiyo na mwenyewe kwenye chama chochote huishia mikononi mwa mwanamke asiyejua kusema hapana. Mwaka huo ilimwangukia Mama Pindo.

Jina hilo alipewa sokoni. Alikuwa fundi cherehani, na pindo lake lilisifika: gauni likishapita mkononi mwake halifumuki mpaka mwenyewe alichoke. Kibanda chake kilikuwa mwisho wa safu ya wauza mboga, na kutwa nzima mlio wa cherehani yake ulichanganyika na kelele za bei. Nyumbani alikuwa na mume, fundi rangi, na mama mkwe ambaye masikio yake yalikuwa mazito kwa kila jambo isipokuwa lile ambalo hakutakiwa kulisikia. Watoto walikwisha kukua na kwenda kujitafutia.

Chama chenyewe kiliitwa Sauti ya Wakazi. Kilikuwa na wanachama themanini na kitu, chumba cha kupanga ghorofani juu ya duka la dawa, mhuri mmoja, na kazi moja kubwa. Kila mwanzo wa mwaka kilichagua mambo matatu, waliyaita vipaumbele, kisha kikayapeleka baraza la mji na kuyasukuma mpaka yatekelezwe au mwaka uishe. Mara nyingi mwaka ndio uliowahi.

Mwenyekiti alikuwa mwalimu mkuu mstaafu wa shule ya msingi. Watu walimwita Mwalimu Mkuu hivyo hivyo, na yeye aliwaita wote "wanangu", hata mzee wa bucha aliyemzidi umri kwa miaka minne.

"Safari hii nataka maoni ya wananchi wenyewe," alisema kwenye kikao cha kamati. "Tusije tukaambiwa tunajipangia. Mama Pindo, mwanangu, wewe watu wanakupenda. Chukua daftari."

Angepaswa kushtuka pale aliposifiwa. Hakushtuka. Alifurahi, akanunua daftari nene la kurasa mia, akachonga penseli mbili, na kwa wiki tatu akawa anafunga kibanda saa nane mchana na kuingia mitaani. Swali lake lilikuwa moja: "Baraza la mji likikufanyia jambo moja tu mwaka huu, ungetaka lipi?" Aliandika kila alichoambiwa. Mzee mmoja alitaka jirani yake ahamishwe. Fundi baiskeli alitaka mvua ipunguzwe. Wa kituo cha afya walitaka taa kwenye njia ya kuingilia. Wenye watoto walitaka tuta mbele ya shule ili magari yapunguze mwendo.

Lakini alipoingia sokoni alikofanyia kazi, jibu lilikuwa moja. Wanawake walitazama kushoto na kulia, wakashusha sauti, wakaelekeza kidevu kwenye mlango wa bluu.

"Choo."

Choo kilikuwepo. Hilo ndilo lililouma. Kilikuwa kimejengwa miaka mitatu nyuma, matofali mazuri, matundu manne ya wanawake na mawili ya wanaume, tangi la maji juu ya paa, mabomba mapya. Ukutani kulikuwa na kibao cha jiwe kilichofunikwa kwa kitambaa, na mlangoni kufuli la ukubwa wa ngumi. Kilisubiri kuzinduliwa. Mgeni rasmi wa kwanza alihamishwa wiki ya uzinduzi. Wa pili aliugua. Wa tatu ratiba yake haikuruhusu, na wa nne hakuna aliyekuwa na hakika kama aliwahi kualikwa. Kitambaa juu ya kibao kilipauka, kikabadilishwa, kikapauka tena.

Wanaume walikuwa na ukuta wa nyuma ya ghala. Wanawake walikuwa na dawa moja tu: kutokunywa maji. Tangu kufungua meza asubuhi hadi kukunja turubai jioni, jua likiwaka, midomo ikikauka, hakuna kunywa. Wapya walifundishwa na wenyeji siku ya kwanza, kama wanavyofundishwa kupanga nyanya.

Jirani yake Mama Pindo alikuwa muuza vitunguu na nyanya waliyemwita Bi Kicheko. Akicheka, waliokuwa lango la pili la soko waligeuka. Mama Pindo alipomuuliza swali lake, Bi Kicheko alipangusa mikono kwenye kanga akasema, "Niandike mara mbili. Mara moja mimi, mara moja kibofu changu. Nacho ni mwananchi."

Mama Pindo alicheka mpaka penseli ikamponyoka. Jioni ile alihesabu. Watu mia mbili na kumi na wanne walikuwa wamejibu. Mia moja sitini na tatu walisema choo kifunguliwe.

Siku nne baadaye, ilikuwa Jumanne adhuhuri, alihisi kitu hakiko sawa kabla hajajua ni nini. Akasimamisha cherehani. Ndipo akatambua: tangu asubuhi hajasikia kicheko. Alipochungulia alimkuta mwenzake ameegemea gunia la vitunguu, anatetemeka kwenye jua kali kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi, mkono mmoja ameushika mgongoni chini ya mbavu.

"Ni uchovu tu," alisema Bi Kicheko. "Nimalize fungu hili."

"Umalize nini? Simama."

Alimwachia muuza mchicha meza zote mbili, akamshika mwenzake kwapani, wakaenda kituo cha afya wakipumzika kila baada ya nyumba tatu. Daktari alikuwa dada mdogo mwenye macho ya usingizi na maneno machache. Alipima, akasoma majibu ya maabara, akauliza, "Mama, unakunywa maji kiasi gani kwa siku?"

"Kikombe asubuhi kabla ya kutoka. Na jioni nikirudi nakunywa vizuri."

"Na katikati?"

Bi Kicheko alimtazama Mama Pindo, kisha akatazama sakafu. "Katikati nipo kazini, daktari. Nikinywa nitaenda wapi?"

Daktari aliweka kalamu mezani. "Mwezi huu wewe ni wa nne kutoka soko lile," alisema. "Wa nne niliowahesabu mimi, zamu yangu." Maambukizi yalikuwa yamepanda kutoka kwenye kibofu mpaka kwenye figo. Ya kulia ingepona. Ya kushoto alisema watasubiri, na alivyosema "tutasubiri" Mama Pindo akajua hakuna cha kusubiri.

Alimwacha mwenzake wodini na dripu mkononi, akatoka. Hakurudi kibandani. Alipitia nyumbani, akachukua daftari, akaenda moja kwa moja kwa Mwalimu Mkuu, aliyekuwa kibarazani kwake anasoma gazeti kwa miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani.

Alilipokea daftari kwa mikono miwili. Hakulifungua.

"Vizuri sana, mwanangu. Kazi safi."

"Mwalimu, nimeshahesabu. La kwanza ni choo cha soko. Kwa mbali kabisa."

Mwalimu Mkuu alikunja uso kama aliyetafuna kokoto kwenye wali. "Hilo neno. Tutalitafutia lugha."

"Lugha gani?"

"Fikiri, mama. Orodha yetu inasomwa na wakubwa. Wafungue ukurasa wa kwanza wakute choo? Tutaonekana watu wa namna gani?"

"Watu wenye vibofu, Mwalimu."

Alicheka, kicheko kile cha mwalimu kwa mwanafunzi mchangamfu ambaye hata hivyo atampa alama anayotaka mwenyewe. "Niachie mimi," akasema. "Jumamosi kwenye mkutano utasikia."

Mama Pindo alirudi nyumbani akiwa bado na imani. Hesabu ni hesabu, alijiambia. Mia moja sitini na tatu si watu wa kuwafunika kwa lugha.

Mumewe ndiye aliyemfumbua macho, naye bila kukusudia. Walikuwa wanakula chakula cha jioni, wote watatu, na fundi rangi alikuwa na furaha isiyo ya kawaida. Kwa miezi minne alikuwa hana kazi ya maana. Alipaka geti hapa, dirisha pale.

"Mwaka huu tutapumua," alisema. "Nimepata lango."

"Lango gani?"

"La kukaribisha wageni. Litajengwa pale barabara inapoingia mjini, upinde mkubwa, rangi mbili, na maandishi pande zote. Kipaumbele cha kwanza cha chama chenu hicho. Mwalimu Mkuu kanihakikishia kazi ya rangi ni yangu."

Mama Pindo aliweka tonge chini. "Kakuhakikishia lini?"

"Zamani. Nilikuwa napaka duka la dawa, akapita akaniambia."

"Duka la dawa ulipaka kabla sijapewa daftari."

"Eh, kabla. Wiki mbili hivi." Kisha fundi rangi akaisikia sauti yake mwenyewe, akajishughulisha na tonge.

Mama mkwe, ambaye dakika hiyo hiyo alikuwa ameulizwa mara tatu kama anataka chumvi na hakusikia, aliinua kichwa. "Kwa hiyo mkeo alitumwa kuuliza swali ambalo jibu lake lilikwisha kuandikwa," alisema. "Na viatu amemaliza soli."

Hasira nyingine huja kama moto wa karatasi. Hii ilikuja polepole, kutoka miguuni. Mama Pindo alikumbuka ngazi alizopanda, mbwa waliomfukuza, yule ajuza kipofu aliyemshika mkono akamwambia, "Asante mwanangu, hakuna aliyewahi kuniuliza." Jina lake alikuwa ameliandika kwa herufi kubwa. Wote wale walikuwa wamechezewa, na kidole kilichotumika kuwachezea kilikuwa chake.

"Nitalipinga lango hilo," alimwambia mumewe. "Nakwambia mapema usije ukasikia kwa watu. Nitasimama Jumamosi nilipinge."

"Utakuwa umenipinga mimi."

"Nitakuwa nimelipinga lango."

"Lango ni mkono wangu huu!" Fundi rangi aliuinua mkono wake, wenye mabaka ya rangi yasiyotoka. "Miezi minne nakaa. Umeniona nakaa. Wewe unataka choo, sawa, kiwe cha pili. Kwani kikiwa cha pili kitanuka?"

"Mwenzangu yuko wodini."

"Nampa pole. Lakini sikumfungia choo mimi."

Walipeana kisogo kwa siku tatu. Alichotaka kusema, mume alikisema kupitia kwa mama yake. "Mama, mwambie fundi cherehani kifungo cha shati langu kimetoka." Na mama mkwe, kwa raha zake, alimwambia kila kitu mara mbili.

Asubuhi ya pili Mama Pindo alipanda ghorofani kwa katibu wa chama. Alikuwa binti wa mwenye duka la dawa, msichana mwenye heshima aliyechapa kila kilicholetwa bila kuuliza.

"Binti yangu, nataka katiba ya chama."

"Katiba, shangazi?" Hakuna aliyewahi kuitaka. Waliitafuta kwenye kabati, wakaikuta chini ya kalenda za miaka iliyopita, kijitabu cha kurasa nane. Binti alikitoa vumbi, akasita. "Shangazi, kuhusu ile orodha... mimi nilichapa tu. Mwalimu alileta imeandikwa tayari."

"Najua. Huna kosa la kuchapa. Nisomee hapa."

Kifungu cha sita kilikuwa mistari miwili. Vipaumbele vya mwaka huchaguliwa kwa kura ya mikono ya wanachama waliohudhuria mkutano. Basi. Mama Pindo aliomba na kitabu cha wanachama, akahesabu kwa kidole. Wanawake wa sokoni walioandikishwa, mbali na yeye, walikuwa thelathini na wanane. Kwenye mikutano mitano iliyopita hakuhudhuria hata mmoja. Hakuhitaji kuuliza kwa nini. Mkutano ulipangwa Jumamosi saa nne asubuhi, saa ambayo soko limefurika, saa ambayo mwenye meza hawezi kugeuza shingo. Orodha zote zilikuwa zimepitishwa na wanaume kumi na watano na kupigiwa makofi.

Akaingia sokoni mara ya pili, meza kwa meza, bila daftari.

"Jumamosi saa nne tunafunga."

"Jumamosi? Saa nne? Mama Pindo, umepatwa na nini?"

"Saa moja tu. Tunapanda juu, tunainua mkono, tunashuka."

"Na wateja?"

"Wateja watatusubiri. Sisi tumesubiri miaka mitatu."

Muuza unga alikataa. Alisema ana watoto watano na hana mume wa kumsaidia, na Mama Pindo hakumlaumu. Muuza samaki alisema haya ni mambo ya aibu, yeye hawezi kupandishwa ngazi kwenda kutetea haja ndogo mbele ya Mwalimu Mkuu aliyemfundisha kusoma. Lakini Mama Pindo alipomweleza walichosema hospitali, alifunika samaki wake kwa gunia lenye maji. "Mimi mwenyewe mwaka jana nilikojoa damu," alisema. "Nikajua nimerogwa."

Jumamosi ilipofika, chumba kile cha ghorofani kilikuwa na viti ishirini na harufu ya dawa iliyopanda kutoka chini. Mwalimu Mkuu alikuwa mezani, suti ya kijivu, karatasi zake zimepangwa. Wanaume walikuwa wamekaa nafasi zao za kila mwaka. Ndipo ngazi zikaanza kulia. Wakaingia wawili, wakaingia watano, wakaendelea kuingia, wanawake thelathini na mmoja, na harufu ya vitunguu na dagaa ikaifukuza ya dawa. Viti vilikwisha. Wakasimama kuta zote tatu.

"Karibuni, wanangu," alisema Mwalimu Mkuu, na miwani ya kichwani ikamshukia puani. "Leo kuna nini?"

"Mkutano," alisema muuza samaki.

Akaanza kusoma. Kama ilivyotokana na maoni ya wananchi, alisema, vipaumbele vya mwaka ni hivi: kwanza, lango la kukaribisha wageni, pili, kupanda maua kwenye mzunguko wa barabara kuu, tatu, vyeti vya heshima kwa viongozi wa baraza la mji.

Mama Pindo aliinua mkono.

"Maswali mwishoni."

"Si swali, Mwalimu. Nauliza daftari langu liko wapi."

"Hilo ni swali," alisema mzee wa bucha, na watu wakacheka kidogo.

Mwalimu Mkuu alipapasa karatasi zake. Katibu ndiye aliyeinuka. Alikwenda pembeni mwa chumba, akaizima feni ya kusimama, akainama, akalivuta daftari kutoka chini ya mguu wake. Lilikuwa limewekwa pale ili feni isiyumbe. Jalada lilikuwa na alama ya duara iliyozama.

Mama Pindo alilipokea, akalipangusa kwa kiganja.

"Humu kuna watu mia mbili na kumi na wanne," alisema. "Niliwauliza mmoja mmoja. Naomba mtu yeyote anioneshe aliyesema lango. Mmoja tu, nikae chini."

Alipitisha macho viti vyote.

"Maua? Vyeti?"

"Mama Pindo," alisema Mwalimu Mkuu kwa upole uliokuwa unaanza kupasuka, "ninyi hamwoni mbali. Kiongozi huona mbali. Kwa nini mgeni rasmi haji? Kwa sababu mji wetu hauna sura. Tukiwa na lango, mgeni atakuja. Akija, choo kitazinduliwa. Mambo hayo yana mpangilio."

Mzee wa bucha alijikuna shingo. "Yaani tujenge mlango," alisema, "ili aje mtu, atufungulie mlango?"

Safari hii hawakucheka kidogo. Mwalimu Mkuu aligonga meza. Mwanamume mmoja wa mbele, mwenye duka la simu, akasema mambo ya namna hii yana stara yake, haifai kuyaanika mbele ya watu, ni aibu.

"Aibu?" Mama Pindo alimgeukia. "Aibu gani, kaka yangu? Bi Kicheko mnamjua nyote. Hakuna hapa ambaye hajala nyanya zake. Yuko wodini leo siku ya tano, na figo yake moja imekwisha. Imekwisha kwa sababu ya adabu. Kwa sababu tunamstahi mgeni ambaye hajui hata kama tumezaliwa. Choo kipo, maji yapo kwenye tangi, mlango upo, na sisi tunakauka nje yake kama dagaa. Hiyo ndiyo aibu. Aibu ni lile kufuli. Sisi tumeibeba tu miaka mitatu, kila mtu akidhani ni yake peke yake."

"Orodha imefuata maoni!" alisema Mwalimu Mkuu. "Isipokuwa maoni yalichujwa."

"Iliandikwa lini?" aliuliza Mama Pindo.

"Baada ya maoni."

Mama Pindo alijua mumewe yuko nyuma, karibu na mlango. Alimwona akiingia wa mwisho, kofia mkononi. Hakugeuka. Alikuwa ameapa moyoni kwamba hatamtaja. Ndipo sauti ya fundi rangi ikasikika, ndogo, kama inatoka chini ya kiti.

"Mimi niliambiwa kazi ya lango kabla hajaanza kuuliza watu. Wiki mbili kabla." Akaivaa kofia, akaivua. "Ndivyo ilivyokuwa. Sina la zaidi."

Akatoka. Walisikia viatu vyake vikishuka ngazi hadi chini.

Kura ilipigwa. Mikono arobaini na mitatu ilitaka choo kiwe cha kwanza, minane ilitaka lango. Mwalimu Mkuu alihesabu mara mbili, kana kwamba hesabu ingejirekebisha ikiangaliwa vizuri. Tuta la shule likawa la pili, taa za kituo cha afya la tatu. Kabla hawajashuka, muuza samaki alitoa hoja kwamba mikutano ihamie Jumatatu saa tisa alasiri, soko linapopoa, na hiyo nayo ikapita. Walikuwa wametumia dakika hamsini.

Kwa mujibu wa katiba, ujumbe wa kwenda baraza la mji ulipaswa kuongozwa na mwenyekiti. Kwa hiyo Jumatano iliyofuata walikuwa wanne kwenye benchi la korido: Mwalimu Mkuu kwa suti yake ileile, Mama Pindo, muuza samaki, na mzee wa bucha. Walikaa tangu saa tatu hadi saa sita. Afisa aliyewapokea alikuwa na meza kubwa, faili jembamba, na tabasamu la mtu anayesubiri chakula cha mchana.

"Choo hicho hakijazinduliwa," alisema.

"Tunajua," alisema Mama Pindo.

"Kikifunguliwa kabla ya kuzinduliwa, itakuwa kinyume cha taratibu."

"Ofisini hapa mna choo?"

"Kipo. Mwisho wa korido, kulia."

"Kilizinduliwa na nani?"

Muuza samaki akageuka kutazama dirishani, mabega yakimtikisika. Afisa akarudi kwenye faili lake, akasema suala hili linahitaji kikao, na kikao kinahitaji taarifa, na taarifa...

"Mwanangu," alisema Mwalimu Mkuu.

Ilikuwa mara ya kwanza kufungua mdomo tangu waingie. Afisa aliinua macho.

"Nilikufundisha darasa la nne. Ulikuwa unakaa karibu na dirisha. Umewahi kuniomba ruhusa ya kutoka nje nikakunyima?"

Masikio ya yule afisa yalibadilika rangi. "Hapana, Mwalimu."

"Basi."

Afisa alichukua kalamu. Aliandika mistari miwili kwenye karatasi, akaigonga mhuri, akaisukuma mezani. Haikuchukua muda wa kumenya kitunguu.

Nje, kwenye ngazi za ofisi, mzee wa bucha alimpiga Mwalimu Mkuu begani, akamwambia leo ameonesha ukubwa. Mwalimu Mkuu alivuta koti lake likae sawa, akamgeukia Mama Pindo akitabasamu, akisubiri lake.

Mama Pindo alikuwa ameishika ile karatasi.

"Ulikuwa unamjua," alisema.

"Nani?"

"Huyo. Siku zote hizi ulikuwa unamjua. Ilihitaji neno moja, Mwalimu. Neno moja, na ulikuwa nalo mfukoni miaka mitatu."

Kwa mara ya kwanza Mwalimu Mkuu hakuona mbele yake mwanafunzi wa kumjibu. Aliteremka ngazi peke yake.

Kufuli lilifunguliwa alasiri ileile. Ndani kulikuwa na buibui, mizani mbovu, na viti vya plastiki ambavyo msimamizi wa soko alikuwa akivihifadhi humo. Wanawake walivitoa wenyewe wakavirusha nje kimoja kimoja, wakafagia, wakadeki. Bomba lilikohoa kutu, likatema, kisha maji yakaja safi. Hakuna aliyekata utepe. Ajuza mmoja muuza karanga aliingia wa kwanza, na alipotoka alisimama kizingitini akalia, na hakuna aliyemuuliza analia nini.

Bi Kicheko alitoka hospitali baada ya siku tisa na figo moja inayofanya kazi. Alirudi mezani kwake baada ya mwezi na nusu, amepungua, na dawa za kunywa maisha yote. Fundi rangi hakupata lango kwa sababu lango halikujengwa. Alikwenda kupaka shule mji wa mbali kwa miezi miwili, na kabla ya kuondoka alimwambia mkewe mwenyewe, bila kupitia kwa mama yake, kwamba begi lake limechanika mkanda, kama ana nafasi amshonee. Alimshonea.

Wiki tatu baada ya Bi Kicheko kurudi mezani, katibu alikuja kibandani na karatasi iliyochapwa. Ilikuwa barua ya shukrani kwa baraza la mji kwa moyo wake wa kuwajali wanawake wa soko. Mwalimu Mkuu ameshasaini, alisema, wanaomba na saini ya Mama Pindo, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mbele.

Mama Pindo aliisoma yote, mguu ukiwa bado kwenye kanyagio la cherehani.

"Huwezi kumshukuru mtu kwa kukurudishia chako," alisema. "Binti yangu, keti hapo. Niandikie barua nyingine."

"Ya nini, shangazi?"

"Ya kuuliza. Nani aliamua kifungwe, kwa nini, na nani atamjibu Bi Kicheko. Usiweke maneno makubwa."

Binti aliketi kwenye gunia la vitambaa, akaandika kwa mkono, nusu ukurasa. Mama Pindo alisaini, akampa Bi Kicheko akasaini, na barua ikazunguka soko zima mpaka jioni, waliojua kuandika wakaandika na wasiojua wakabonyeza dole gumba. Hata muuza unga alibonyeza.

Jibu halijaja. Imepita miezi tisa, wamekumbusha mara nne. Katika mkutano wa kupanga vipaumbele vya mwaka unaofuata, Jumatatu saa tisa alasiri, chumba kikiwa kimejaa, mwenyekiti wa muda, maana Mwalimu Mkuu alikwisha kuachia kiti, aliuliza cha kwanza kiwe nini. Mama Pindo hakuwahi hata kuinuka. Bi Kicheko alikuwa ameshasimama.

"Jibu la barua yetu," alisema.

Mikono yote iliyokuwa chumbani ikapanda.